Fremu ya Elfu Sita

Inspekta Mumbua aliiweka fremu juu ya meza ya stoo ya vielelezo, karibu na dirisha, akaomba kitambaa, maji na kisu kidogo. Konstebo Kyule alileta kitambaa na maji. Kisu alikuwa nacho mfukoni, cha kumenyea miwa, akakitoa shingo upande.

Ilikuwa fremu ya baiskeli ya mbio, ya alumini, kuukuu, rangi yake ya buluu imefifia kama sare ya shule ya msingi. Bomba la chini, lile linalotoka kichwani mwa baiskeli kwenda kwenye padeli, lilikuwa limekatika karibu kabisa na kichwa. Bomba la juu lilikuwa limejikunja. Siku ya Jumamosi, kwenye mbio za vijana, fremu hiyo ilikuwa imembeba Mbithe, binti wa Mzee Mbuvi, akiteremka mbio barabara ya kutoka Kibwezi kuja Mutomo. Sasa Mbithe alikuwa kwenye hospitali ya misheni, taya limefungwa kwa waya, anakunywa uji kwa mrija.

Na Mutie alikuwa seli.

Mutie ni fundi wa baiskeli pale sokoni Mutomo. Ijumaa, kabla ya mbio, alikuwa amebadilisha gololi za kichwani za baiskeli hiyo na kuvigonga vikombe vyake kwa nyundo. Mzee Mbuvi, ambaye ni mfugaji nyuki, aliandikisha kwamba alinunua fremu hiyo Kibwezi kwa shilingi elfu sita ikiwa nzima kabisa, na kwamba nyundo ya Mutie ndiyo iliyopasua bomba. Soko zima lilikuwa limeiona nyundo. Kesho asubuhi fundi angesimamishwa mbele ya hakimu kwa kosa la kujeruhi kwa uzembe. Mkuu wa kituo alikuwa ameshasema faili lifungwe: nyundo ipo, aliyeishika yupo, aliyeumia yupo. Katika nchi hii kosa huanza kutafutwa kwa mtu asiye na wakili, na mara nyingi msako hauendi mbali zaidi ya hapo.

"Kyule," alisema Mumbua, "ukivunja muwa sasa hivi, ndani huwa na rangi gani?"

"Nyeupe, madam."

"Na ule uliovunjika juzi?"

"Unakuwa kahawia. Hata nzi hautaki."

Mumbua aligeuza mdomo wa bomba uelekee mwanga. Nusu ya mviringo wa chuma ilimetameta kama chumvi. Nusu nyingine ilikuwa ya kijivu kilichokolea, imeshika uchafu. Kyule alichungulia, akachungulia tena.

"Hii nusu nyeusi haikuvunjika Jumamosi," alisema.

"Haikuvunjika Jumamosi wala Ijumaa."

Kwenye bomba hilo kulikuwa na stika ya vijana wa kanisa, imezungushwa kama bandeji na kuchanika pale chuma kilipoachana. Kingo zake zilikuwa zimekula vumbi jekundu la wiki nyingi, vumbi lililogandamana mpaka likawa sehemu ya gundi. Mumbua aliilowesha, akaibandua polepole kwa ncha ya kisu. Chini yake hakukuwa na buluu. Kulikuwa na kitu cha manjano iliyoiva, laini, kimesawazishwa kwa kidole. Alikikwangua. Yakatokea matundu madogo pande zote mbili za ufa, yamepangwa mawili mawili, na ndani yake vipande vya waya mwembamba wa shaba.

Akachukua kitu kile cha manjano, akakifikicha baina ya vidole mpaka kikapata joto, akamnusisha Kyule. Moshi na asali.

"Nta," alisema Kyule. Kisha akacheka kidogo, si kwa furaha. "Madam, hii imeshonwa kama kitete."

Mtu aliyekulia Ukambani hahitaji kuelezwa. Kitete, yaani kibuyu, kikipasuka hakitupwi. Hutobolewa matundu kando ya ufa, hushonwa, hupakwa nta, na huendelea kubeba uji. Nyanya yake Kyule, kwa maelezo ya Kyule mwenyewe, alikuwa na kitete kilichoshonwa mara tatu na hangekubali kubadilishana na kipya, kwa sababu kipya hakijajaribiwa na maisha.

Mumbua alifuata njia ya mkatiko kwa ncha ya kisu. Ulikuwa umeruka kutoka tundu hadi tundu, kama karatasi ya stempu inapochanwa. Hapo ndipo bomba lilipokubali kukatika.

"Basi ni yule muuzaji wa Kibwezi," alisema Kyule. "Abdinoor. Hawa watu wa kaskazini hawalali, madam. Aliziba, akabandika stika, akamuuzia mzee wa watu."

"Stika ya vijana wa kanisa letu?"

Kyule alikuna shingo. Akasema stika hupatikana popote, na nta huuzwa kila soko. Mumbua alikubali kwamba nta huuzwa kila soko. Ndiyo sababu, alisema, nta peke yake haimtaji mtu. Mutie alikaa na baiskeli siku moja tu na vumbi la stika ni la wiki nyingi, kwa hiyo si yeye aliyeshona. Wamebaki wawili, aliyeuza na aliyenunua, na kila mmoja ataapa ni mwenzake.

"Sasa tutajuaje?"

"Tutauliza bei."

Duka la Abdinoor lilikuwa kando ya barabara kuu pale Kibwezi, mahali malori ya kutoka Mombasa husimama kupoza injini na kupunguza mizigo. Fremu zilikuwa zimening'inia kwenye ndoano kama mbuzi buchani. Zimeshachoka huko Ulaya zilikozaliwa, zikaletwa kwetu kupewa bei upya. Hii ni kazi ya zamani. Wakati wa mkoloni ng'ombe wa Wakamba waliswagwa mnadani kwa bei iliyotajwa na mnunuzi peke yake, mpaka wenyewe wakatembea kwa miguu hadi Nairobi kuwadai. Mkoloni aliondoka. Kutajiwa bei na mtu mwingine kulibaki.

Mumbua alimwacha Kyule garini, nyuma ya kituo cha petroli. Akajifunga leso, akaingia na kusema ana mpwa wake anayesumbua na mambo ya mbio, anatafuta fremu tu, ya alumini, hata kuukuu.

Abdinoor alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, ndevu za hina, mdomo hauna likizo. Alishusha fremu moja nyekundu, ya umbo na umri ule ule wa ile ya Mutomo, akaanza kuihubiria. Aliigonga kwa ukucha kila bomba, akamwambia mama asikilize: nzima hulia kama kengele, mbovu hukohoa. Alifunga uzi kutoka nyuma kushoto, akauzungusha kichwani, akaurudisha nyuma kulia, akapima nafasi pande zote mbili kuonyesha haijapinda. Aliingiza kidole pale padeli hukaa, akasema meno ya ndani hayajaliwa. Alichomoa bomba la kiti likatoka, maana kwenye alumini bomba likigandia humo ndani, fremu imekufa na kiti chake. Mwisho aliweka shavu karibu na viungio, akasema hapo ndipo uongo hujificha. Rangi ikiwa na mkunjo, usinunue hata kama muuzaji ni ndugu yako.

Bei ilianza elfu ishirini na tano. Mumbua alisema yeye ni mwalimu wa nasari. Ikashuka ishirini na mbili. Akasema mpwa mwenyewe hata hasomi. Ikafika kumi na nane na kukwama kama punda kwenye lami.

"Chini ya hapo naibia watoto wangu," alisema Abdinoor.

"Na hizi mbovu unapeleka wapi?"

Zilizopasuka, alisema, huenda kwa watu wanaoyeyusha alumini kutengeneza sufuria, kwa kilo. Fremu nzima haifiki hata kilo mbili. Mia tatu, ukipata mnunuzi mwenye huruma.

"Basi nipe ya elfu sita."

Abdinoor alicheka mpaka jirani wa duka la simu akachungulia.

"Mama, nzima ni kumi na nane. Ya sufuria ni mia tatu. Hiyo sita yako inakaa wapi?"

"Inakaa Mutomo," alisema Mumbua, na kuweka kitambulisho chake cha kazi juu ya kaunta. "Stesheni. Ni ya buluu."

Kicheko kilikatika. Abdinoor alikisoma kitambulisho, akavuta kiti cha plastiki, akaketi. Jirani alirudi kwenye simu zake.

Mumbua hakumpigia kelele. Alimwekea hesabu ile ile aliyoitoa mwenyewe. Kama angekuwa ameushona ufa na kuuficha, angeiuza kumi na nane, kwa sababu fremu iliyofichwa ubovu huuzwa kwa bei ya uzima. Ndiyo faida ya kuficha. Kama angeona haifai kabisa, ingeenda kwa sufuria. Elfu sita si bei ya fremu nzima na si bei ya takataka. Ni bei ya watu wawili waliosimama juu ya ufa mmoja, wote wakiuona, wakagawana.

"Ufa ulikuwa wazi siku unaiuza," alisema. "Nani aliutaja?"

"Yeye, walahi. Yeye mwenyewe."

Na akaeleza. Fremu ilikuja kwenye furushi la Mombasa. Aliigonga, ikakohoa, akaiweka nyuma pamoja na za kuyeyusha. Mzee mmoja alikuja mjini na asali ya kuuza, akaipenda buluu yake, akaitaka. Abdinoor aliomba kumi, kumjaribu tu. Mzee akaigeuza, akaweka ukucha kwenye ufa mdogo, urefu wa kijiti cha kiberiti, akasema ufa huu unakula nne. Wakaachana kwa sita.

"Ulimwambia itavunjika?"

"Nilimwambia hiyo si ya mbio."

"Sijauliza hivyo. Ulimwambia itavunjika?"

Abdinoor alitazama fremu zake. Akasema mzee alijibu kwamba kwao ufa si ugonjwa, huzibwa. Naye akasema sawa.

"Alikwambia ni ya nani?"

"Alisema ana binti."

Mumbua alirudisha kitambulisho mfukoni. "Funga duka. Utaandikisha hayo."

Abdinoor aliuliza kama anashtakiwa. Akaambiwa leo ni shahidi. Kesho ni siku nyingine, na kitu cha mia tatu alichokiuza elfu sita kwa baba wa mtoto bado kina maswali yake. Akafunga bila kubishana, kufuli tatu, na kumwomba jirani aangalie mahali.

Walimkuta Mzee Mbuvi kwenye kibaraza cha hospitali, kofia magotini, chupa ya uji pembeni. Alisimama alipomwona Mumbua. Kisha akamwona Abdinoor akishuka garini, akaketi tena bila kuambiwa.

Mumbua alimpeleka kwenye benchi la mwisho, mbali na wagonjwa, akaweka kati yao kipande cha bomba kilichofungwa gazeti. Akamuuliza alilipa ngapi. Sita. Ikiwa vipi? Nzima. Akamuuliza kwa nini basi aliomba apunguziwe nne.

Mbuvi alimtazama Abdinoor, aliyekuwa amesimama mlangoni anasoma tangazo la chanjo.

"Ilikuwa na kaufa," alisema. "Nikakaziba. Kakapona."

"Kwa nini hukuandikisha hivyo?"

"Mwiitu, binti yangu, mtu akipona malaria, bado unamwita mgonjwa? Nilikashona na waya wa koili, ule wa shaba, nikajaza nta ya mizinga yangu, sio hii wanachanganya na mafuta, nikazungusha stika ya vijana juu nta isitoke. Kisha nikaijaribu. Mwezi mzima nimeteka maji nayo, mitungi miwili, ile njia ya mto. Haikulia hata siku moja. Mtoto akaichukua ikiwa nzima. Sasa mtu anaigonga na nyundo Ijumaa, Jumamosi inakatika. Wewe ungesema nini?"

Alisema hivyo kwa utulivu wa mtu aliyeipanga hesabu yake na kuiona imetoka. Hakuwa anaficha kitu. Aliamini kila neno, na ndiyo iliyokuwa shida. Mtu wa kupika uongo huingiwa na hofu ukikaribia ulipo. Huyu hakuwa na hofu yoyote.

"Kitete hubeba uji, Baba Mbithe," alisema Mumbua. "Hakibebi mtu kwenye mteremko."

"Si tulifundishwa, usipoziba ufa utajenga ukuta?"

Mumbua alifungua gazeti. Hakueleza. Alishika kidole cha shahada cha mzee, akakiweka kwenye tundu la kwanza, akakisogeza la pili, la tatu, akifuata mdomo wa mkatiko. Baada ya hapo kidole kiliendelea chenyewe. Kilipita tundu kwa tundu mpaka matundu yakaisha na chuma kinachong'aa kikaanza, kikasimama hapo.

"Imepasukia kwa mshono," alisema Mbuvi.

"Ndiyo."

"Ule wangu."

Mumbua alikunja gazeti. Ndani ya wodi mtu alikuwa akikohoa. Mbuvi alivaa kofia, akaivua. Alisema kwa sauti ya chini kwamba ataondoa kesi, leo leo, hata kabla ya saa za kuona wagonjwa. Aende tu atie sahihi, kijana aende zake, mambo yaishe taratibu, kwa sababu mtoto bado hajui na daktari amesema asisumbuliwe.

"Kesi si mbuzi utoe zizini jioni ukijisikia," alisema Mumbua. "Utakuja useme ulichofanya."

"Na Mbithe ataambiwa na nani?"

"Na baba yake."

Stesheni ilikuwa imejaa kama kawaida ya Jumatatu: watu wa vitambulisho vilivyopotea, mama wawili wa kesi ya mbuzi, madereva. Mkuu wa kituo alisikiliza maelezo ya Abdinoor, kisha ya Mbuvi. Aliuliza maswali mawili kuhusu kushona vibuyu, kwa sababu naye alikuwa wa huku, akaitazama fremu kwa mara ya kwanza tangu iletwe. Alisema mzee asijione amemaliza, atakapoitwa, aje. Kisha akaandika kwamba Mutie aachiliwe. Hakusema pole. Haikuwa kwenye fomu.

Kyule alifungua seli. Mutie alikuwa amekaa sakafuni, miguu imenyooka, mikono bado ina weusi wa grisi. Mbuvi alisimama mlangoni, akainama kidogo kana kwamba dari ni fupi, akamwambia, kwa sauti ambayo Kyule aliyekuwa hatua mbili nyuma aliisikia kwa shida, kwamba ufa ulikuwapo tangu Kibwezi, kwamba aliushona mwenyewe, na kwamba amsamehe.

Mutie alimsikiliza mpaka mwisho.

"Jana ulisimama kanisani ukaomba maikrofoni," alisema. "Ukanitaja jina na la baba yangu. Mama alikuwa ameketi na mimi. Walinishika pale mlangoni, watu wakielekea kwangu kuvunja kibanda. Leo unaniambia ukinong'ona."

Mbuvi alirudi hatua moja nyuma.

"Toka basi," alisema Kyule. "Umeachiliwa, boss. Nenda nyumbani."

"Nani ameniachilia?"

"Stesheni."

"Hapo nje kuna watu wangapi, afande? Nikipita katikati yao hivi, watasema Mutie ameachiliwa. Wengine watasema amehonga, na watataja hata kiasi." Alirudisha mgongo ukutani. "Mimi sitaki kuachiliwa. Nataka isemwe. Mlango acheni wazi, sitoroki."

Kyule alimgeukia Mumbua apate amri. Kisheria hakukuwa na amri ya kutoa. Huwezi kumfungia mtu aliyeachiliwa, na hakuna kifungu cha kumburuta mtu nje ya seli akapate uhuru wake. Mumbua aliegemea ukuta wa korido, akakunja mikono, akamtazama mzee.

Kisha Mbuvi alitembea korido yote, akazunguka kaunta, akasimama upande wa wananchi, pale kwenye foleni. Alivua kofia. Mmoja wa mama wa mbuzi alimsalimu, akampa pole ya mtoto, naye akaipokea. Kisha akasema anaitwa Mbuvi, ni baba wa yule msichana wa ajali, na ana neno kuhusu fundi Mutie. Sajini wa zamu alipunguza redio.

"Ufa niliuona mimi," alisema. "Niliupunguzia bei nikiuona. Nikaushona na mikono hii. Ile nyundo haikufanya kitu."

Foleni iligeuka yote. Madereva waliacha kuongea. Mama mmoja mzee, aliyekuwa mwisho kabisa karibu na mlango, alipaza sauti kwamba huku nyuma hawasikii, arudie.

Mbuvi alivuta pumzi, akarudia tangu mwanzo, tangu Kibwezi, kwa sauti ya juu.